Kirangozi wa Kidato cha Kwanza

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hawakuwa wajinga. Waliondoka kwao mvua zikishakatika na mavuno yakishaingia ghalani, wakabeba pembe hadi pwani, wakapokea mizigo ya nguo, shanga na nyaya, kisha wakafanya kila mbinu wawe wamerudi kabla mvua mpya hazijaanza. Januari, katika njia ile ya zamani itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, mwenye akili zake alikuwa nyumbani akipalilia. Waliobaki njiani mwezi huo ni wageni, na wageni hao wameacha vitabu vizima vya kulalamikia matope.

Wizara zetu za elimu hazikuvisoma vitabu hivyo. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Ndiyo maana Januari 2025, wenzangu Kenya wakihangaika kutafuta madarasa ya kundi la kwanza la Gredi ya 9, mimi nilikuwa nimesimama stendi ya mabasi Tabora, mvua inanipiga, nina sanduku, begi la vitabu na godoro.

Godoro linahitaji maelezo. Mama yangu anaishi Mumias, magharibi ya Kenya, na ana msimamo kwamba mtu anaweza kula chakula cha ugenini, anaweza hata kuoa ugenini, lakini hawezi kulala juu ya godoro asilojua limetoka wapi. Kwa hiyo godoro lilivuka mpaka wa Sirare, likapita Mwanza, Shinyanga na Nzega juu ya basi, na kila kituo abiria mmoja aliniuliza kama Tabora nakwenda kufundisha au kulala. John Speke aliipita njia hii kinyume mwaka 1858. Alimwacha mwenzake Richard Burton akijiuguza Tabora, mahali walipopaita Kazeh, akaenda kaskazini kwa wiki zaidi ya tatu, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa lile kubwa ambalo watu wa kando yake walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi. Basi letu lilitumia siku moja, na hatukugundua chochote.

Kuhusu karatasi sina hadithi ya kuchekesha, na namshukuru Mungu. Misafara ya zamani ilitozwa hongo ya vitambaa na kila mtemi wa Ugogo kabla ya kuruhusiwa kupita na kuteka maji, na wapelelezi Burton na Stanley wote wawili wanaisimulia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa kuku. Mimi nina kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na leseni ya kufundishia, vyote vimelipiwa kwa kontroo namba, risiti ninazo kwenye faili. Sikutoa hata pande moja la merikani.

Hongo yangu niliilipa kwenye nyumba.

Dalali alinipokea stendi na pikipiki. Alikaa mbele, mimi nyuma, godoro kichwani kwangu, na mvua ile ikaingia ndani ya godoro kwa utulivu kabisa, kwa maana tulipofika kwa mama mwenye nyumba lilikuwa limeongezeka uzito kama mara mbili. Mama mwenyewe, mtu mzima, khanga begani, alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya tangawizi, akaniuliza habari za safari, za mpaka, za wazazi. Nikajisemea, hapa nimefika. Kisha akataja kodi.

"Miezi sita, mwanangu. Kwa mkupuo."

"Mama, kwetu huwa tunalipa mwezi kwa mwezi."

"Kwenu ni wapi?"

"Mumias, mama. Kenya."

"Basi ukiwa Mumias, lipa mwezi kwa mwezi."

Dalali akaongeza kwa upole kwamba na yeye ana mwezi wake mmoja. Nililipa. Baadaye, nilipokuwa nahesabu nilichobaki nacho (haikuchukua muda), nilimkumbuka David Livingstone. Alifika Kwihara, nje kidogo ya mji huu, pamoja na Stanley Februari 1872, Stanley akaondoka mwezi uliofuata kurudi pwani, na yule mzee akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Alikaa katika tembe lililojengwa na Waarabu. Nimesoma habari za homa yake, za jino lake, za imani yake. Sijasoma popote kwamba alidaiwa miezi sita kwa mkupuo.

Chumba chenyewe ni kizuri, isipokuwa kiko chini ya mwembe. Miembe ya Tabora ni mikubwa na ipo kila mahali, kwa kuwa mwembe ulikuja bara pamoja na misafara kutoka pwani. Pale msafara ulipokaa, mwembe uliota. Kwenye picha za kitabu cha historia jambo hilo linapendeza. Usiku, embe bivu linapoanguka juu ya bati sentimita chache kutoka kichwa cha mtu aliyelala juu ya godoro bichi, historia haipendezi hata kidogo. Usiku wa kwanza niliruka nikadhani watu wa mtaa wamekataa ugeni wangu kwa mawe. Asubuhi mama mwenye nyumba alinifafanulia utaratibu: embe likianguka juu ya bati ni lake, kelele zake ni za mpangaji.

Habari ya lugha nitairuka. Kila Mkenya aliyevuka Sirare ameshaandika jinsi alivyosema "leta chai" hotelini na hoteli nzima ikanyamaza. Yaliyonipata mimi ni ya salamu, na hayo ni makubwa zaidi, kwa sababu yanagusa mshahara.

Kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo mfupi. Nilipima siku moja kabla, jioni, mvua ikinyesha na watu wakiwa ndani, nikaridhika. Sikujua kwamba njia ya Tabora ya jioni yenye mvua na njia ya Tabora ya asubuhi yenye jua ni njia mbili tofauti. Asubuhi, kwenye kila kibaraza kuna mtu mzima. Nikampita wa kwanza kwa shikamoo ya haraka, ile ya Nairobi ya kutupa kwa bega huku miguu inaendelea. Akaniita.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama, bibi."

"Na wa nyumbani Kenya, wameamkaje?"

Hapo ndipo nilipoingia mtegoni. Nilijibu kwamba mama anaumwa goti kidogo. Bibi akasikitika, akauliza ni goti lipi, limeanza lini, wamelikanda kwa nini. Kibaraza cha pili walikuwa wamesikia kutoka cha kwanza. Kibaraza cha tatu kulikuwa na mzee aliyenisalimu "Mwangaluka", na nilipojibu "nzuri" akaona ni wajibu wake kunifundisha kuitikia "Mwangaluka" pale pale, mara kadhaa, hadi nikaitamka ikamridhisha. Nilipofika shuleni, mkuu wa shule alikuwa ameshapiga ule mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio ya walimu. Jina langu, siku yangu ya kwanza kazini, lilisainiwa chini ya mstari.

Nikaeleza. Mkuu wa shule alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na goti la mama linaendeleaje?" Mstari haukufutwa.

Kesho yake bibi alikuwa anasubiri taarifa mpya. Huwezi kumwambia mtu wa umri ule "hivyo hivyo tu". Ikabidi kila alfajiri nipige simu Mumias kabla ya kutoka, nipate hali halisi ya goti, niifikishe kibaraza hadi kibaraza. Mama yangu, ambaye nilipokuwa nafundisha Kakamega, karibu na nyumbani kabisa, nilimpigia simu kwa nadra, sasa anawaambia majirani kwamba Tanzania kuna malezi. Goti limepona tangu Februari. Anaendelea kuumwa kwa ajili ya simu.

Ofisi ya walimu ilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza: Simba au Yanga? Ofisi yetu imekaliwa kwa mpango huo, upande wa dirishani Simba, upande wa kabati Yanga, na kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa katikati, kando ya mtungi wa maji. Nilisema kwetu mimi ni wa AFC Leopards. Wakasema chui si mnyama wa ligi hii. Nilikumbuka kwamba Novemba iliyotangulia Tabora United ilikuwa imeifunga Yanga mabao 3 kwa 1, tena Dar es Salaam, na upande wa kabati bado ulikuwa na majonzi. Basi nikaona njia ya kidiplomasia, nikatangaza kwamba nitaishabikia timu ya mji ulionipokea, hao Nyuki wa Tabora.

"Hilo si jibu," akasema mwalimu wa nidhamu, ambaye ni Simba. "Hiyo ni anwani."

Swali la pili lilikuwa la utani. Wanyamwezi wana watani wengi, na wajuzi wa mambo haya wanasema utani wao na makabila ya njia ya pwani, Wazaramo kwa mfano, ulikua katika safari zile za mizigo: mtu akikupitisha kwake, akakupa maji na mahali pa kulala, mnaanza kutukanana kwa mapenzi. Je, Mluhya ni mtani? Hoja ikajadiliwa wakati wa chai. Nikajitetea kwamba Mumias nayo ilikuwa kituo cha misafara. Waswahili na Waarabu walifika kwa mfalme wetu, Nabongo Mumia, wakifuata pembe, Joseph Thomson akapita hapo mwaka 1883, Askofu Hannington akapita mwaka 1885 akielekea kuuawa Busoga, na mpaka leo Mumias ina Waislamu wa tangu siku hizo. Kwa hiyo sisi ni watu wa njia, kama nyinyi.

Walinisikiliza. Mwalimu wa historia, mama wa Kinyamwezi mwenye sauti ya chini, akauliza, "Reli je?"

Lilikuwa swali la kikatili. Reli ya kati iliingia Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la kutoka hapa likafika Mwanza, mji ukawa njia panda ya nchi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901 ikatuacha pembeni; mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega; na lilipokuja kujengwa tawi la kuja upande wetu, lilifika Butere, mwendo wa baiskeli kutoka kwetu, likachoka.

Nikasema, "Ilifika Butere."

Ofisi nzima ilicheka hadi mwalimu wa taaluma akatuma mtu afunge mlango. Uamuzi ukapitishwa kwamba mimi ni mtani kamili. Maana yake nikaijua siku hiyo hiyo mchana, nilipofungua kontena langu la chakula nikakuta ugali upo na kuku hayupo.

Sasa nifike kwenye nyuki.

Siku ya kupokea kidato cha kwanza nilikuwa mwalimu wa zamu. Mgeni hupewa zamu ya kwanza kila mahali duniani, hilo silalamikii. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye meza chini ya mwembe, kukagua vifaa dhidi ya orodha, na kuwapanga watoto. Vifaa ni vile vile vya shule zote za nchi hii: ndoo, fagio la chelewa, fagio la mti mrefu, rimu ya karatasi, jembe, kwanja. Wapo walioleta rimu zenye karatasi pungufu, wapo walioleta ndoo za rangi ambayo mwaka huu haikutakiwa. Baba mmoja alileta jembe bila mpini, na nilipomuuliza alichukua orodha, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti: "Jembe, moja." Akanirudishia. Nikaweka tiki.

Watoto wenyewe walikuwa wapole kupita kiasi, wadogo, sare zinawapwaya, wengi wametoka mbali, Sikonge, Urambo, Kaliua. Ili wasipotee nilikuwa nimewapa agizo moja tu asubuhi ile, nikawataka walirudie kwa pamoja: popote mwalimu wa zamu anapokwenda, mnamfuata, na vifaa vyenu mkononi.

Mkoa huu ni wa nyuki. Misitu ya miombo inauzunguka mji, mizinga imetundikwa humo tangu kabla ya Burton, na serikali imeweka hapa hapa Tabora Chuo cha Ufugaji Nyuki. Kwa hiyo mzazi kutoka kusini ya mji alipokuja na dumu la lita 20 la asali, akasema ada imepungua kidogo, anakwenda sokoni kutafuta mteja, naomba mwalimu anitunzie hapa, hakuna aliyeshangaa. Aliliweka chini ya meza yangu. Kifuniko kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, na nailoni, kama tunavyojua wote, haina msimamo.

Alikuja nyuki mmoja. Nikampungia faili. Wakaja wengine, kama kumi. Binti mmoja wa mstari wa mbele, ndoo kichwani, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo. Usipunge mikono." Ushauri ule ulikuwa sahihi na ulitolewa kwa heshima zote, lakini ulinikuta mikono tayari iko hewani. Kisha nikasikia mvumo kutoka juu ya mwembe, na nikaelewa kwamba hawa waliokuja mwanzo walikuwa wajumbe.

Nilikimbia. Naandika hivyo bila haya, kwa sababu hata leo sioni mtu mzima mwenye afya angefanya nini kingine. Nilivuka uwanja wa mpira kwa mshazari, shati langu jekundu la siku ya kwanza limechomoka, faili bado mkononi. Nilipofika goli la mbali niligeuka kuona kama nyuki wananifuata. Nyuki walikuwa wamebaki na asali yao. Walionifuata walikuwa kidato cha kwanza, wote, katika mstari mmoja mrefu, ndoo kichwani, majembe begani, mafagio juu kama bendera, wanakimbia kimya kimya na kwa utiifu mkubwa. Yule wa jembe lisilo na mpini alikuwa amelikumbatia kifuani. Nyuma yao kabisa alikuja baba mmoja na kuku wake, ambaye hakuwa amepewa agizo lolote.

Mlinzi wa shule ndiye aliyemaliza kazi. Ni mzee mwembamba, mwana wa mrina asali. Alitoka kibandani pake bila haraka, akawasha majani mabichi kwenye karai, akalifunika dumu kwa gunia lililoloweshwa, akasimama pale ndani ya moshi akisubiri kama mtu anayesubiri chai ichemke. Hakuumwa hata mara moja. Mimi niliumwa sikioni na kwenye kope, kwa hiyo picha yangu ya kitambulisho cha shule, iliyopigwa mchana ule, inaonyesha mtu anayekonyeza.

Jioni mwalimu wa historia alikuwa na furaha ambayo hakuificha. Alinieleza mbele ya wote kwamba misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na mtu wa mbele aitwaye kirangozi. Alivaa joho jekundu na manyoya kichwani, aliijua njia, na haikuruhusiwa mpagazi yeyote kumtangulia. "Sasa," akasema, "mtu amevaa nyekundu, yuko mbele, watoto zaidi ya mia nyuma yake na mizigo kichwani, hakuna hata mmoja aliyempita. Tumwite nani?" Kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa inaniita Kirangozi, na mama mwenye nyumba naye. Mwalimu wa upande wa kabati, yule wa Yanga, alinipa mkono kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alisema sasa tunaelewana, sote wawili tumefanywa vibaya na nyuki wa Tabora.

Yule mzazi aliuza asali yake na kukamilisha ada. Alinipimia chupa moja. Ilikuwa nyeusi, nzito, na sijaonja nyingine kama ile.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi, mabaya kwa mazuri. Mshahara wa kwanza ulichelewa kwa sababu majina yangu kwenye pasipoti na kwenye cheti yamepangwa tofauti. Mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa fedha vitani, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Nilimtajia mhasibu wetu jambo hilo. Akasema karakana bado ipo, niende.

Kisha mwalimu wa historia akaenda likizo ya uzazi na, katika kugawana vipindi vyake, mimi nikapewa kwa muda somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mkenya awafundishe watoto wa Tabora historia ya Tanzania. Na maadili juu yake. Ofisi ilipumzika kazi kwa dakika kadhaa ili icheke vizuri. Darasani nilianza na Mirambo wa Urambo, nikajua baada ya sentensi mbili kwamba wao wanamjua kuliko mimi, nikakaa kitini nikawaacha wasimulie. Nikajaribu Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Kijana mmoja akaniomba chaki, akachora boma lilivyokuwa. Ikanibidi nirudi Mumias tena, kama mtu anavyorudi kwao akishindwa. Nikawaeleza habari za Nabongo. Walisikiliza kwa adabu, kisha mkono ukanyooka nyuma.

"Mwalimu, Nyerere alisoma Tabora, akarudi akafundisha Tabora. Mumias alisoma nani?"

Kengele iliniokoa.

Safari ya Kwihara ilikuwa wazo langu. Ni kilomita chache tu kutoka mjini, kuna makumbusho katika tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone, na nilitaka somo langu la Jiografia lipate hewa. Ilikuwa bado masika, nimeshasema misafara yenye akili hufanya nini masika. Kosta ilizama kwenye tope hadi mlangoni. Wavulana walisukuma, wasichana wakasukuma, dereva akatoa ushauri, na mwisho tukaamua kwenda kwa miguu, kila mtu na kifurushi chake cha michembe na chupa ya maji, mimi mbele kwa sababu ya cheo changu.

Pale Kwihara hakuna mengi ya kuona: ua, vyumba vya udongo vyenye baridi, barua na picha ukutani. Nilitaka kuwaeleza habari za wapagazi 57 ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani, waliosubiriwa hapa miezi ile yote. Lakini walichokitaka wao ni habari za Chuma na Susi, wafuasi wa Livingstone. Kwamba Oktoba 1873 walirudi Unyanyembe wakiwa na mwili wa Livingstone, umekaushwa, umefungwa kwa magome na kitambaa. Kwamba walimkuta hapa Mwingereza Cameron akawashauri wamzike papa hapa, wamalize taabu. Na kwamba walikataa, wakaubeba hadi Bagamoyo. Binti yule wa ndoo, yule aliyenionya kuhusu mikono, akauliza kwa nini vitabu vinaita safari hiyo ya Livingstone wakati alikuwa ameshakufa. Nilimwambia aandike swali hilo kwenye daftari lake, kwa wino. Ni swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na nimelipeleka ofisini, ambako pande zote mbili, dirisha na kabati, zimeshindwa kulijibu.

Tulirudi giza likiingia. Kosta ilikuwa imetolewa na trekta la watu wa tumbaku, na dereva alikuwa anatusubiri akiwa amelala.

Muhula wa pili unaanza Julai. Njia zitakuwa kavu, nyuki watakuwa msituni, embe hakuna hata moja mtini, na kodi yangu ya miezi sita itakuwa imekwisha. Mama mwenye nyumba ameshanikumbusha, kwa chai ya tangawizi. Msomaji uliye Cheyo, Ipuli, Kanyenye au popote mjini Tabora, ukiwa na chumba kimoja kisicho chini ya mwembe na moyo wa kupokea kodi mwezi kwa mwezi, uliza pale stendi alipo mwalimu Kirangozi. Watakuelekeza. Godoro ninalo.